Shajara ya mradi: kuihamisha Moodle ya chuo kutoka CentOS 7

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kibali kimetoka. Chuo kimekubali tupandishe toleo la Moodle, mfumo wetu wa masomo ya mtandaoni, kabla muhula wa pili haujaanza, na sisi wa kitengo cha TEHAMA tumepewa likizo ya Machi ili tuhame. Naanza kuandika leo kwa sababu swali la kwanza kabisa, seva mpya iwekwe mfumo endeshi gani, linawakabili wenzetu wengi waliosimika Moodle miaka ileile tuliyosimika sisi. Majibu mengi ninayoyasikia yanatokana na mazoea: huyu kazoea CentOS, yule kaanza na Ubuntu akiwa chuoni. Nataka safari hii tuwe na sababu zilizoandikwa.

Hali ya sasa: CentOS 7 (mfumo endeshi wa Linux), Moodle 3.9, PHP 7.4 (lugha iliyoandikiwa Moodle) kutoka hazina ya vifurushi ya Remi, na MariaDB 10.4 (hifadhidata). Vyote vinne vimekwisha muda. PHP 7.4 iliachwa Novemba 2022, Moodle 3.9 Desemba 2023, MariaDB 10.4 na CentOS 7 zikafuatana Juni 2024. Yaani mfumo unaobeba mitihani ya majaribio, alama na kazi za wanafunzi wetu wote hauna safu hata moja inayopokea viraka vya usalama.

Asubuhi nilitaka kusimika kifurushi kimoja kidogo cha kunisaidia kunakili faili. yum, amri ya CentOS ya kusimika vifurushi, ikajibu kwamba haiioni anwani ya mirrorlist.centos.org. Anwani hiyo ilizimwa baada ya tarehe 30 Juni 2024, na vifurushi vyote vikapelekwa vault.centos.org, vinakokaa kama kumbukumbu tu. Nimehariri faili za /etc/yum.repos.d zielekee huko ili tuweze kufanya kazi ya kuhama. Anayekutana na hitilafu hiyo asidhani mtandao wa chuo umekatika.

Alhamisi, 16 Januari

Kabla ya kuzungumzia mfumo endeshi nimeanza na Moodle yenyewe, maana ndiyo watu wanayoitumia. Mhadhiri hajui kama chini kuna Debian au AlmaLinux, wala hana haja ya kujua. Kwa hiyo swali nimeligeuza: Moodle tunayoitaka inahitaji nini, na mfumo upi unatoa hicho bila sisi kuungaunga?

Tunaitaka 4.5, iliyotoka Oktoba 2024. Ni toleo la muda mrefu, litapokea viraka vya usalama hadi Oktoba 2027. Linataka PHP isiyo chini ya 8.1 wala juu ya 8.3, na MariaDB kuanzia 10.6.7. Tatizo ni kwamba halikubali kupandishwa moja kwa moja kutoka 3.9. Lazima uwe umeshafika 4.1.2 au zaidi. Nayo 4.1 inakubali kuanzia 3.9, ikitumia PHP 7.4 hadi 8.1.

Ziweke sentensi hizo mbili pamoja uone kilichopo. 4.1 inaishia PHP 8.1, 4.5 inaanzia PHP 8.1. Kuna toleo moja tu la PHP linalozibeba zote mbili.

Nililichora jambo hili ubaoni ofisini na tukalitazama kwa muda mrefu. Mifumo endeshi yote tuliyokuwa tukibishania ilianza kujipanga yenyewe. Ubuntu 22.04 inakuja na PHP 8.1. Debian 12 inakuja na 8.2, ambayo 4.1 haiitambui. Ubuntu 24.04 inakuja na 8.3. AlmaLinux 9 na Rocky 9 zinaanzia 8.0, ila unaweza kuchagua mkondo wa 8.1 au 8.2 kwa amri ya dnf module.

Mtu akisoma haraka atasema basi jibu ni Ubuntu 22.04, mjadala umekwisha. Hata mimi ndivyo nilivyoelekea leo. Lakini 22.04 ina miaka mitano ya kawaida tangu Aprili 2022, maana yake Aprili 2027 tutakuwa tumerudi ubaoni hapahapa. Chuo hakitoi kibali cha namna hii kila baada ya miaka miwili.

Jumatano, 22 Januari

Leo nimekaa na kila mgombea peke yake.

Windows Server ilipendekezwa na ofisi ya manunuzi, kwa kuwa leseni nyingine za chuo ziko huko. Moodle inaendeshwa kwenye Windows, hilo ni kweli, na wapo wanaofanya hivyo. Ila miongozo mingi ya Moodle, skripti nyingi na majibu mengi ya watu waliokwama yameandikwa kwa Linux. Sisi tuko wachache ofisini, na mfumo ambao jirani zako hawautumii hukuacha peke yako siku ya shida. Tumeiweka kando kwa heshima.

Familia ya Red Hat, yenye CentOS, AlmaLinux na Rocky, ndiyo iliyonichukua muda. Wote tulijifunzia kazi kwenye CentOS. Mwenzangu anayeshughulikia mtandao anaijua SELinux (ulinzi unaoibana kila programu ndani ya mipaka yake) vizuri sana, anasoma audit.log kama gazeti. Hoja yake ni nzito: AlmaLinux 9 ina viraka hadi 2032, tunaijua, kwa nini tuhangaike?

Historia ya karibuni lazima iwekwe mezani. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watu waliitarajia hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021, na nguvu zote ziende CentOS Stream, toleo linalotangulia RHEL (mfumo wa kibiashara wa Red Hat) badala ya kuifuata. Hapo ndipo Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alipoanzisha Rocky Linux, akiipa jina la Rocky McGaugh, mwanzilishi mwenzake aliyefariki. CloudLinux nao wakaanzisha AlmaLinux, toleo lake la kwanza likatoka Machi 2021. Juni 2023 Red Hat ikabadilisha namna ya kutoa msimbo chanzo wa RHEL, na AlmaLinux ikaamua isiwe tena nakala ya herufi kwa herufi, bali iendane na RHEL kiasi cha programu zilezile kufanya kazi. Miradi yote miwili imesimama imara tangu wakati huo na naiheshimu sana. Lakini yote miwili inategemea uamuzi unaofanyika nje ya mikono yao, na chuo kinachopanga miaka mitano mbele hakiwezi kulipuuza hilo.

Halafu kuna jambo la vyuma. Seva tuliyopewa ni ya kale kidogo, kidhibiti chake cha diski ni cha familia ya MegaRAID ya zamani. Kuanzia RHEL 8, madereva ya vidhibiti vingi vya umri huo yaliondolewa. Unawasha kisimikio, kinafunguka vizuri, ukifika kwenye hatua ya kuchagua diski hakuna diski. AlmaLinux 9.4 iliyarudisha mengi ya madereva hayo, na kwa vyuo vyetu vinavyoishi kwa vifaa vya mitumba hilo ni tendo la wema mkubwa. Anayebaki familia ya Red Hat akiwa na seva kongwe aanzie hapo.

Lililonigeuza ni mikondo ya PHP. Ile miaka ya viraka hadi 2032 ni ya mfumo wenyewe. Mikondo unayoichagua kwa dnf module ina maisha yake, mafupi zaidi. Unaweza kuwa na AlmaLinux yenye viraka hadi 2032 huku PHP uliyoichagua imeshaachwa miaka mingi kabla. Si siri, imeandikwa kwenye nyaraka zao, ila mtu anayetazama tarehe moja tu ya mwisho haioni.

Ubuntu 24.04: PHP 8.3, MariaDB 10.11, viraka hadi 2029. Kwenye karatasi inashinda. Nikachunguza kila kifurushi kinatoka sehemu gani ya hazina. PHP iko main, sehemu inayohudumiwa na timu ya Canonical, kampuni inayoitoa Ubuntu. MariaDB iko universe, sehemu ya jamii. Uhakika wa viraka vyake unakuja kupitia Ubuntu Pro, huduma yao ya kulipia. Pro ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, ila chuo si mtu binafsi. Tungetumia PostgreSQL au MySQL tatizo lingetoweka, kwa kuwa zote mbili ziko main. Hifadhidata yetu ni MariaDB tangu mwanzo, na kubadilisha aina ya hifadhidata katikati ya kuhama ni mradi mwingine kabisa.

Debian 12: PHP 8.2, MariaDB 10.11, zote ndani ya main, zote zinahudumiwa na timu ileile ya usalama. Ilitoka Juni 2023, ina miaka mitatu ya kawaida na miwili ya LTS (matunzo ya muda mrefu), hadi Juni 2028. Hakuna kampuni moja inayoimiliki; mradi uko hai tangu Ian Murdock alipoutangaza Agosti 1993. PHP 8.2 iko katikati ya kile Moodle 4.5 inachokubali, ina nafasi chini na juu.

Kasoro yake ni ile ya ubaoni: Moodle 4.1 haipiti kwenye PHP 8.2.

Ijumaa, 31 Januari

Kikao kimefanyika. Kilikuwa kirefu na nilikifurahia, kwa sababu kila mtu alikuja na hoja zake zimeandikwa.

Fundo lilifunguliwa na kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo. Aliuliza kwa upole tu: kwani ni lazima 4.1 ikanyage kwenye seva mpya? Hakika si lazima. 4.1 kwetu ni njia tu, hakuna mwanafunzi atakayeingia ndani yake. Inaweza kupita kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine) yoyote yenye PHP 8.1, ikapandishwa huko hadi 4.5, kisha hifadhidata iliyokwisha kupandishwa ndiyo ipelekwe kwenye makao yake ya kudumu. Tumekuwa tukitafuta mfumo mmoja ufanye kazi mbili.

Uamuzi basi: daraja ni Ubuntu 22.04 kwenye mashine pepe, kwa PHP 8.1 yake. Makao ni Debian 12.

Mwenzangu wa mtandao alikubali akiwa na sharti moja, na naliandika hapa kwa kuwa ni la haki. Kwenye CentOS alikuwa na SELinux inayomzuia Apache, programu inayotoa kurasa za Moodle, kugusa kisichomhusu. Debian inakuja na AppArmor, ulinzi wa aina hiyohiyo, na Apache yake haifungwi hivyo kwa chaguo-msingi. Amesema hatahama mpaka ulinzi huo upate mbadala. Tumekubaliana ataandika wasifu wa AppArmor wa Apache mwenyewe, msimbo wa Moodle uwe wa kusomwa tu, na www-data, mtumiaji anayeiendesha Apache, aruhusiwe kuandika ndani ya moodledata (folda ya faili za Moodle) peke yake. Hilo la mwisho ni zuri hata bila AppArmor: likipita shambulio kupitia programu-jalizi (nyongeza ya Moodle) mbovu, halitaweza kuubadilisha msimbo.

Jumanne, 11 Februari

Kazi ya daraja. Nimechukua nakala ya hifadhidata kwa mysqldump yenye --single-transaction ili watumiaji wasisumbuke, nikaipakia kwenye MariaDB 10.6 ya mashine pepe.

Kabla ya kupandisha lolote nimeshughulikia herufi. Moodle yetu ilianza zamani, majedwali yake yalikuwa utf8 ya MySQL, ile inayohifadhi baiti tatu tu kwa herufi. Kiswahili kinaingia humo bila shida, ndiyo maana miaka yote hatukuona kitu. Lakini wanafunzi wa sasa wanaandika kutoka kwenye simu, na kikaragosi cha uso unaocheka kinahitaji baiti nne. Mwanafunzi anaandika jibu lake refu kwenye jukwaa la somo, anamalizia na kikaragosi, anabonyeza kutuma, anapata ujumbe wa kosa la kuandika kwenye hifadhidata. Jibu lote limepotea, na yeye anaamini mfumo wa chuo ni mbovu. Kwa upande wake yuko sahihi.

Moodle ina skripti yake ya kugeuza: admin/cli/mysql_collation.php yenye --collation=utf8mb4_unicode_ci. Inapita jedwali kwa jedwali, nayo huchukua muda kwenye jedwali la kumbukumbu za matukio, ambalo kwa kawaida ndilo nene kuliko yote. Tumelipunguza kwanza, tukibakiza kumbukumbu ambazo sera ya chuo inataka zibaki. Baada ya kugeuza nimeandika ujumbe wa jaribio wenye nyuso tatu za kucheka na umekaa.

Kisha 3.9 kwenda 4.1, kisha 4.1 kwenda 4.5, zote kwa admin/cli/upgrade.php, PHP 8.1 ileile mwanzo hadi mwisho. Nimeona faida ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Programu-jalizi mbili zilikwama kwenye hatua ya 4.1, na kwa kuwa PHP haikuwa imeguswa kati ya hatua, tulijua moja kwa moja wa kumtazama ni nani. Moja ilikuwa na toleo jipya. Nyingine haina mwenyewe tena. Tulihesabu masomo yanayoitumia, tukaongea na wahadhiri husika, tumeiondoa. BigBlueButton, ya mikutano ya video, tuliyokuwa tumeiongeza kwa mkono haihitaji kuongezwa tena, imo ndani ya Moodle tangu 4.0.

Alhamisi, 20 Februari

Debian 12 imesimikwa kwenye seva.

Kadi za mtandao za seva hii zinahitaji firmware (programu ya ndani ya kifaa) isiyo huru, yaani isiyo na msimbo wazi. Kwenye Debian 11 kisimikio kingesimama na kuomba faili ambayo hukuwa nayo, uanze kuitafuta kwa flashi nyingine. Kuanzia Debian 12 firmware hizo zimo ndani ya picha rasmi ya kusimikia, baada ya wanachama wa mradi kupiga kura mwaka 2022. Kadi zote zimeonekana papo hapo. Kidhibiti cha diski nacho kimeonekana bila kuongezewa kitu.

Nimebandika karatasi ukutani yenye tofauti tunazokutana nazo, kwa faida ya sisi wa yum. Httpd huku inaitwa apache2. Tovuti huwashwa kwa a2ensite. Lililo muhimu kuliko yote kwa mtu wa Moodle: CentOS ilikuwa na php.ini moja, Debian inayo moja kwa kila namna ya kuiendesha PHP. Moodle inadai max_input_vars iwe 5000, na chaguo-msingi ni 1000. Ukiibadilisha kwenye /etc/php/8.2/apache2/php.ini, ukurasa wa Moodle wa kukagua mazingira kwenye kivinjari utakuwa wa kijani kibichi kitupu, ila ukiendesha upgrade.php kwenye terminali itakataa, kwa sababu terminali inasoma /etc/php/8.2/cli/php.ini. Zibadilishe zote mbili.

Faili za moodledata tumeanza kuzinakili kwa rsync wakati seva ya zamani inaendelea na kazi. Moodle haihifadhi faili kwa majina yake. Kila faili hukokotolewa SHA1 (alama ya utambulisho) ya yaliyomo, na alama hiyo ndiyo jina lake ndani ya filedir. Slaidi zilezile zikipakiwa na wahadhiri kumi, kwenye diski zinakaa mara moja. Na faili ikishaandikwa haibadiliki kamwe, kwa hiyo unaweza kunakili sehemu kubwa wiki kadhaa kabla, ukabakiza kipande kidogo tu cha siku ya kuhama. Kwa chuo chenye mtandao wa ndani wa kasi ya wastani kama wetu, hilo ndilo linaloifanya kazi hii iwezekane kwa usiku mmoja.

Angalizo la umiliki: apache ya CentOS ni mtumiaji nambari 48, www-data ya Debian ni 33. rsync -a ikiendeshwa kama root hupeleka umiliki wa zamani, na ukifika unakuta faili ni mali ya 48 asiyekuwepo au ambaye ni mtu mwingine. chown, amri ya kubadilisha mmiliki, baada ya kunakili ni sehemu ya orodha yetu sasa.

Jumatatu, 3 Machi

Jaribio la mwisho kabla ya kuhama limefichua jambo ambalo halikuwa la Moodle wala la Debian. Mfumo wa usajili wa wanafunzi, unaoipa Moodle majina kila usiku, unazungumza TLS 1.0, toleo la zamani la usimbaji wa mawasiliano. Debian 12 ina OpenSSL 3.0, maktaba inayoshughulikia TLS, nayo kwa mipangilio yake ya kawaida haikubali TLS 1.0 wala 1.1. CentOS 7 ilikuwa ikikubali kimyakimya.

Njia ya mkato ipo: unashusha kiwango cha usalama cha OpenSSL kwenye openssl.cnf, unaendelea na maisha. Nimeipinga na mkuu wa kitengo ameniunga mkono. Data zinazopita hapo ni majina, namba za usajili na tarehe za kuzaliwa za vijana waliotuamini. Tumeweka seva ndogo ya nginx mbele ya mfumo wa usajili, inayopokea TLS 1.2 na 1.3 kisha kuongea na mfumo ule ndani ya mashine ileile. Imechukua mchana mmoja. Mtu akiniuliza faida moja ya kuhama mfumo endeshi inayoonekana kwa macho, nitamwonyesha hii: muunganisho dhaifu uliokuwepo kwa miaka umelazimika kujitokeza.

Lugha na saa nazo zimekaguliwa leo. Pakiti ya Kiswahili ya Moodle imewekwa, na kwenye Debian tumezalisha sw_TZ ya UTF-8 (mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania) kwa dpkg-reconfigure locales ili tarehe ziandikwe Jumatatu, Machi, na kadhalika. Saa ni Africa/Dar_es_Salaam.

Jumamosi, 15 Machi

Tumehama.

Tulibishana juu ya saa. Vitabu vyote vinasema fanya usiku wa manane. Lakini wanafunzi wetu wengi hutumia bando za usiku, ndizo nafuu, na kumbukumbu za Apache zinaonyesha saa sita usiku kuna watu wengi kuliko saa nne asubuhi. Juu ya hapo ni Ramadhani, watu wako macho hadi daku. Tukachagua kuanza baada ya sala ya alfajiri, Jumamosi ya likizo. Waliofunga kati yetu walikuwa wameshakula daku, wengine walikuja na chupa za chai wakazinywea chumba cha pili.

Mpangilio ulikuwa huu: maintenance.php --enable kwenye seva ya zamani, cron (inayoendesha kazi za ratiba) ikazimwa, hifadhidata ikachukuliwa mara ya mwisho, ikapelekwa darajani ikapandishwa hatua zote mbili, ikachukuliwa tena kutoka darajani na kuingizwa kwenye MariaDB 10.11 ya Debian. Wakati huo huo rsync ya mwisho ya moodledata. Kisha kache ikasafishwa, DNS (inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva) ikabadilishwa, cron ikawashwa iende kila dakika. Muda wa kudumu wa rekodi ya DNS tulikuwa tumeushusha siku kadhaa kabla, kwa hiyo mabadiliko yalionekana haraka.

Seva ya zamani hatukuigusa zaidi ya kuiweka kwenye matengenezo. Kama kitu kingeharibika tungerudisha DNS na kila kitu kingekuwa kilipokuwa. Hatukuihitaji njia hiyo. Lakini kwa kuwa ilikuwepo, mikono ya kila mtu ilikuwa tulivu.

Mtu wa kwanza kuingia ambaye si wa kitengo alikuwa mhadhiri wa uuguzi, kabla ya saa nne asubuhi. Alipakia slaidi zake akaondoka bila kusema neno. Kwetu hiyo ndiyo ripoti bora.

Jumatano, 19 Machi

Wasifu wa AppArmor umekaa wiki nzima kwenye hali ya kulalamika, ukiandika tu bila kuzuia. Kilichojitokeza ni Ghostscript, inayoitwa na Moodle kugeuza kazi za PDF ili mhadhiri aandike maoni juu yake. Imeongezwa kwenye wasifu, sasa unazuia kweli. unattended-upgrades imewekwa ichukue viraka vya usalama pekee. Sharti la mwenzangu limetimia na ametia sahihi.

Alhamisi, 24 Aprili

Moodle 5.0 imetoka tarehe 14 mwezi huu, na mkuu wa kitengo ameuliza kama tuende. Inataka PHP 8.2 na MariaDB 10.11. Ndizo tulizonazo, zikitoka moja kwa moja kwenye main ya Debian 12. Nimefungua nakala ya majaribio kwenye mashine nyingine yenye mfumo uleule, ukurasa wa mazingira umepita wote. Tungebaki Ubuntu 22.04 kwa ajili ya PHP 8.1, leo tungekuwa tunajadili mfumo endeshi tena.

Hata hivyo nimependekeza tusiende. 5.0 si toleo la muda mrefu, na imeiondoa Chat kwenye kiini chake pamoja na kihariri cha Atto. Wahadhiri wa stashahada bado wanatumia Chat kwa saa za maswali, kwa sababu ni nyepesi kwenye simu ndogo na haili bando. Wakipoteza chombo hicho katikati ya muhula, watarudi kwenye makundi ya WhatsApp, na yanayojadiliwa huko hayabaki na somo. Tunabaki 4.5, yenye viraka hadi Oktoba 2027, na mwezi ujao nakaa na wahadhiri hao tutafute watakachohamia kabla hatujalazimishwa.

Seva ya zamani imezimwa jana. Diski zake zimefutwa mbele ya mkaguzi wa ndani, na fomu imewekwa kwenye faili la mradi.